Jina Alilolisusa Fundi

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti mawili ya soda, pale barabara inapokata kona, na kitasa chake bado kipo. Anayechelewa ndiye anayekalia kitasa. Mimi nauza kahawa pembeni yake. Mazungumzo ya watu siyasikilizi, Mungu shahidi yangu, yanapita tu masikioni mwangu yakielekea kwa majirani. Asubuhi hiyo waliwahi wanne. Kamusi, anayeuza vitabu vilivyotumika na kuvisoma kurasa za mwanzo tu, kwa sababu za mwisho huwa zimechanika. Baharia, aliyezunguka dunia nzima ndani ya jiko la meli, kila bandari akiiona kupitia kitundu cha kutolea moshi. Dishi, anayefunga madishi ya televisheni juu ya mapaa ya watu, na yote anayoyajua kuhusu ulimwengu aliyaona alipokuwa akijaribu kama picha imekaa sawa. Na Fundi, mshonaji, mwenye ile nyumba ya geti la bluu ng'ambo ya barabara. Huyu ndiye aliyekuwa na lake siku hiyo.

Niwaeleze, maana mimi sipendi umbea wa nusunusu. Binti yake Fundi alikuja kujifungulia kwao. Miezi miwili yote Fundi hakushona nguo ya mtu ikaisha kwa wakati, kwa sababu mikononi alikuwa na mjukuu. "Mchumba wangu" ndilo jina alilompa, na jingine hakulitafuta. Juzi mkwe akaja kumchukua mkewe na mtoto, na akaja na jina: Klaudia. Fundi akavuka barabara hadi benchini kumuuliza Kamusi lina maana gani. Kamusi, kwa pupa ya kuonekana anajua, akajibu kabla hajaangalia chini: "Hilo ni la Kirumi cha kale. Maana yake, anayechechemea."

Sasa, Fundi mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu utotoni. Wote tunajua, na wote tunafanya kama hatujui. Hata watoto wanaomwigiza hujificha kwanza nyuma ya ukuta, wana adabu zao. Na huyo mkwe Fundi alikuwa na kinyongo naye tangu siku ya kutambulishwa, kijana alipoinuka akamvutia kiti yeye peke yake, wazee wengine wote wamesimama. Kiti hicho hajakisamehe. Jina lilipokuja, Fundi akaona ushahidi umekamilika: kijana anamcheka. Akarudi nyumbani, akamkabidhi mkewe mtoto, akaapa hatamshika wala kumwita mpaka jina libadilishwe. Kwa nini, hakusema. Alisema tu, "Silitaki." Mkewe ameniambia mimi peke yangu, kwa hiyo ni siri.

Na gari la kuwachukua lilikuwa linakuja asubuhi ileile. Benchi likajipa kazi: kumtafutia Fundi maana nyingine, nzuri, kabla gari halijafika. Watu wa kusaidia hao!

— Fundi, gari linakuja saa ngapi? alianza Dishi.

— Likija utaliona. Mimi halinihusu.

— Mchumba wako anaondoka, wewe unasema halikuhusu?

— Nimempa talaka.

— Talaka, mtoto wa miezi miwili! Na matunzo atampa nani?

— Ampe aliyempa jina.

Baharia akasogea, akakohoa kile kikohozi chake cha kuanzia hotuba.

— Fundi, nisikilize mimi niliyetembea. Huyu Kamusi amekupoteza. Kirumi anakizungumza nani siku hizi? Wenyewe walishakufa wote. Lugha ya marehemu haihesabiki.

— Nimesoma kitabuni, alisema Kamusi.

— Kiko wapi hicho kitabu?

— Nilikiuza.

— Kwa nani?

— Kwa mpita njia.

Msishangae. Hapa kwetu shahidi lazima awe mpita njia, au marehemu, au awe ng'ambo. Akipatikana karibu, ushahidi wake unatiliwa shaka.

— Haya, alisema Baharia. Twende kwenye lugha zinazopumua. Kiingereza, klaudi ni wingu. Hata wewe Dishi unajua, kila picha ikikatika unawaambia wateja ni klaudi.

— Kweli kabisa, nawaambia hivyo. Wakati mwingine huwa sijakaza waya.

— Basi mjukuu ni wingu. Kwisha habari.

Fundi alizungusha kikombe.

— Wingu, alisema. Wingu linakuja, linalia, linalowesha nguo za watu, halafu linaondoka.

— Si ndiye huyohuyo sasa! alisema Dishi. Ni kama umempiga picha.

Nikamwona Fundi pembe ya mdomo ikitaka kucheka. Wallahi, Baharia angenyamaza pale, mambo yangekuwa yamekwisha na mimi nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini Baharia alikuwa amelipia kahawa, na mtu aliyelipa huona mdomo wake una haki zaidi.

— Na ile "dia" ya mwishoni, akaendelea, Kihispania ni mchana. Hiyo nina hakika, nilikaa bandarini kwao mpaka wakaniuliza kama nina ndugu pale. Sasa, Kijerumani nacho kina yake. Waliniibia mfuniko wa sufuria, bosi wangu Mjerumani akawa anapiga kelele "klau, klau", yaani wizi. Kwa hiyo ukiunganisha...

— Kuiba, mchana, alisema Kamusi, ambaye hawezi kuona vitu viwili akaacha kuviunganisha.

— Mwizi wa mchana kweupe, akamalizia Dishi.

Fundi akaweka kikombe chini.

— Mjukuu wangu mimi?

— Afadhali wa mchana, alisema Dishi. Wenye mali wanamwona, wanapata nafasi ya kupiga kelele.

— Jamani, mmetumwa?

— Tunakusaidia, Fundi! alisema Baharia, naye ameumia kweli.

Hapo geti la bluu likafunguliwa. Binti akatoka na begi, akaliweka nje, akatazama benchini. Alimtazama baba yake hivi, muda wa kumeza funda moja la mate. Kisha akainama akalipangusa begi, begi jipya lisilo na hata chembe ya vumbi, akarudi ndani. Fundi alikuwa anachunguza kitasa cha benchi kana kwamba amepewa kazi ya kukishona.

— Ngoja, niacheni mimi, alisema Dishi. Mimi huyu Klaudia namjua.

— Unamjua wapi?

— Kwenye tamthilia. Nilikuwa juu ya paa la yule mama wa duka la dawa, picha imegoma, nikashuka kuangalia. Klaudia alikuwa anamwekea mama wa kambo sumu kwenye juisi.

— Dishi, alisema Kamusi taratibu, sisi tunatafuta maana nzuri.

— Subiri! Wiki ile nikaenda kufunga dishi jingine kwa mwalimu, chaneli ya nchi nyingine kabisa, na huko Klaudia alikuwa muuguzi, mpole, anasukuma wagonjwa kwenye kiti cha magur...

Akakata. Baharia alikuwa amemkanyaga kidole. Neno "magurudumu" likabakia pale nusu, hakuna aliyetaka kulichukua.

— Endelea, alisema Fundi. Kiti cha nini?

— Cha... cha kawaida. Cha kukalia. Lakini Fundi, hoja yangu ni hii: kule kote wakimtaja Klaudia, muziki unapiga dum! Kila mara. Klaudia, dum! Klaudia, dum! Mimi nimeona, lazima kwa lugha yao maana yake ni radi.

— Radi.

— Inaendana na wingu, kama umegundua.

— Wingu, radi, na mwizi wa mchana, alisema Fundi akihesabu kwa vidole. Ametimia. Bado sumu ya juisi.

Kamusi alikuwa amekaa na hatia yake tangu juzi, na hatia ikikaa kwa msomi hutoka kama somo. Akavua miwani, ambayo haina kioo cha kulia, akaipangusa upande wa kushoto.

— Fundi, mimi ndiye niliyeharibu, mimi ndiye nitakayetengeneza. Palikuwa na mfalme huko Rumi. Mfalme mkubwa, mwenye majeshi, na jina lake lilikuwa hilihili, ila la kiume. Alitawala dunia yote. Na yeye mwenyewe pia alikuwa... hivyohivyo.

— Hivyohivyo vipi?

Kamusi akavaa miwani.

— Alikuwa hivyo.

— Kamusi. Hivyo vipi?

— Alikuwa mtu wa... wa kukaa, alisema Kamusi, jasho linamtoka. Mfalme kazi yake si kukaa? Alikaa vizuri sana kuliko wafalme wote.

— Kwenye kiti.

— Ndiyo, kwenye kiti.

— Alivutiwa na nani hicho kiti?

Hapo kila mtu akapata kitu cha kufanya. Dishi akatazama angani kama anayetafuta masafa. Baharia akaomba sukari, na yeye sukari alishakatazwa na daktari. Nikampa, kila mtu ana njia yake ya kutoroka.

— Mimi nawaambia kitu kimoja, alisema Baharia akikoroga, na hiki ni kweli tupu. Kuna nchi Klaudia ni tunda.

Wakacheka wote, mpaka Fundi.

— Haki ya Mungu! Tunda dogo, la kijani, tamu. Nimelipikia jemu mimi mwenyewe, mapipa mawili! Wanasema, "Leta klaudia," unaleta tunda.

— Na radi linapiga? aliuliza Dishi.

— Na likiiva linaiba mchana? akadakia Kamusi.

— Basi, nyie hamjatembea, alisema Baharia akanuna. Na mimi nawaambia ninyi, katika yote aliyosema mzee yule toka nimjue, hilo la tunda ndilo pekee alilolisema kwa macho ya mtu asiyebuni, na ndilo pekee walilolikataa.

— Tulisome kinyume, alisema Kamusi ghafla. Kuna watu wa kale majina yao walikuwa wanayaficha kwa kuyageuza. Anza mwisho: A, i, d, u, a, l, k, na i ya kupumzishia ulimi. Aidualki.

— Aidualki, alirudia Dishi. Hiyo si dawa ya minyoo?

— Vijiko viwili baada ya chakula, alisema Baharia, ameshasahau kununa.

— Ukiligeuza ukaligawa katikati, aliendelea Kamusi, hasikii la mtu, unapata "aidu", ambayo naamini ni sikukuu kwa watu fulani wa milimani, na "alki", ambayo...

— Inatosha!

Fundi alikuwa amesimama. Kusimama kwake si kwa mara moja, kuna hatua zake, na siku zote huwa anaziharakisha ili tusizione. Siku hiyo hakuharakisha.

— Mnazunguka, alisema. Mmekwenda Ujerumani, mmekwenda milimani, mnazunguka tu kile kitu. Yule kijana amesoma. Alikaa na vitabu vyake, akatafuta katika majina yote ya dunia, akachukua hilo. Ili mimi kila nikimwita yule mtoto, niwe najiita mwenyewe. Asubuhi, Klaudia njoo. Mchana, Klaudia njoo. Mpaka nife. Ninyi mngemwita?

Kahawa ilichemka peke yake. Mimi ningeweza kuuliza kama kuna mtu yeyote kati yao aliyewahi kumuuliza huyo kijana jambo lolote, lakini biashara ilikuwa inakwenda vizuri, na mteja mwenye jibu hanywi kikombe cha pili.

Gari likafika. Lilipiga honi mbele ya geti la bluu, dereva akashuka akaanza kurusha mizigo juu kama analipiza kisasi. Fundi akaketi tena. Alikaa kwenye kitasa, hakuona hata kwamba ni kitasa.

Na hapo ndipo mkwe akavuka barabara. Benchini hajawahi kufika, sisi tunamjua kwa kumsema tu. Kijana mrefu, mwembamba, amembeba mtoto kama anayebeba sinia la glasi, na nyuma ya sikio ana rangi ya kijani iliyokauka.

— Shikamooni wazee. Shikamoo bibi.

— Marahaba, tuliitikia, kila mtu kwa sauti yake.

— Samahani, nani ananishikia mtoto kidogo? Kamba za mizigo zimelegea, na mama yake anamuaga bibi ndani. Wale wakianza kuagana hawamalizi leo.

Akamnyoosha mtoto mbele yao. Ilikuwa kumshika mtoto tu, jamani. Lakini kumpokea mbele ya Fundi ni kumsaliti Fundi, na kumkataa mbele ya baba yake ni utovu wa adabu. Baharia akashika kikombe kwa mikono miwili, akaonyesha kwamba mikono imejaa. Dishi akasema ana mafua, akajaribu kupiga chafya, ikagoma. Kamusi akaanza kupanga vitabu ambavyo alishavipanga. Mkwe akanigeukia mimi. Nikainua birika lisilokuwa na sababu ya kuinuliwa. Mtoto mwenyewe, kuona anatembezwa mbele ya watu kama bidhaa isiyo na mnunuzi, akakunja uso akaanza kulia.

— Baba? alisema mkwe. Basi wewe.

Fundi hakunyoosha mkono.

— Hilo jina, alisema. Nani amelitoa?

— Mimi, baba.

— Umelitoa kitabu gani?

— Kitabu? Kijana akacheka kidogo, kwa aibu, akaacha. Si kitabuni, baba. Nilikuwa napaka rangi chumba chake, niko juu ya ngazi, peke yangu, nikawa najaribu majina kwa sauti. Hilo likakaa vizuri mdomoni. Nikampigia simu mama yake, naye akalisema, akasema na yeye limemkaa. Akamtikisatikisa mtoto, mtoto akazidisha kilio, naye akauliza: Kwani lina maana?

Nataka muione ile picha. Watu wanne walioshinda asubuhi nzima katika Kirumi, Kiingereza, Kihispania, Kijerumani, tamthilia mbili na tunda moja. Kamusi, ambaye hajawahi kuulizwa kitu akanyamaza, alikuwa anatazama ndani ya kikombe kama kuna mtu ameangukia humo. Kujibu ni kulitamka lile neno, mbele ya mwenyewe, mbele ya mkwewe, barabarani, mchana. Fundi mwenyewe alifungua kinywa. Nililiona neno likifika kwenye meno. Likarudi.

— Ni baya? aliuliza mkwe, sasa ameingiwa na hofu ya kweli. Maana kama ni baya, tubadilishe. Baba, wewe utuchagulie jingine. Sasa hivi kabla hatujaondoka. Mimi sitaki mtoto abebe kitu kibaya. Kuna ubaya gani?

Kumbukeni, hilo ndilo Fundi alilolitaka tangu juzi. Jina libadilishwe. Limeletwa mpaka kwenye benchi, bure, na heshima juu. Alichotakiwa ni kusema sababu.

Alimtazama kijana usoni. Akamtazama sana, kama anavyotazama kitambaa akitafuta kasoro upande wa ndani. Alikuwa anatafuta kicheko, nadhani. Akafika mpaka kwenye ile rangi ya kijani nyuma ya sikio, akakaa hapo.

— Si baya, alisema.

— Lakini lina maana?

— Lina maana.

— Gani, baba?

— Mkija tena nitakwambia. Msipokuja, shauri yenu. Lete huyo, unamshika kama unamwogopa.

Akasimama, kwa hatua zake zote, akampokea mtoto. Akamlaza begani, akavuka barabara kwa mwendo wake ule, juu, chini, juu, chini, na lori la mchanga likasimama kumpisha. Kilio kikapungua kwenye ukingo wa barabara. Katikati kikakatika. Alipofika kwenye gari, kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala kabisa shingoni mwake, na Fundi badala ya kusimama akageuka akaenda tena mpaka mwisho wa ukuta, akarudi, akaenda tena.

— Amelala, alisema Dishi, hata chafya amesahau.

— Ni ule mwendo..., alianza Baharia, akaacha.

Mkwe alikuwa bado amesimama mbele yetu, mikono mitupu, mizigo yake inamsubiri.

— Wazee, kweli maana yake hamuijui?

Wakanitazama mimi wote wanne, maana na nafasi ya Fundi ilikuwa imeshakaliwa na mpita njia.

— Kahawa imekwisha, nikawaambia, na birika nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili kwa uzito wake.